Geti la Shamba la Jua

Wapendwa, leo nina habari ya mlinzi mmoja. Sikilizeni taratibu.

Kulikuwa na kijiji katika nchi ya ukame, ambako jua ndilo kitu pekee ambacho watu hawakuwahi kukikosa. Ikaja kampuni kujenga mitambo ya umeme wa jua. Wakafyeka uwanda mkubwa uliokuwa kati ya kijiji na zahanati, wakasimamisha paneli safu kwa safu, kisha wakauzungushia wote uzio wa waya. Njia ya miguu ambayo watu walipita tangu enzi za babu zao ikabaki ndani. Pale ilipoingilia uzio pakawekwa geti, na pale ilipotokea upande wa pili, geti jingine.

Mlinzi alikuwa mtu wa kijiji hichohicho. Kabla ya hapo aliishi kwa vibarua, na kwenye mikutano ya kijiji akinyoosha mkono, mwenyekiti alimruka. Injinia akampa sare na ufunguo, akamweleza kazi kwa haraka huku simu ikimwita. Mlinzi akashika neno moja tu: lichunge.

Juma la kwanza alikuja mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Mlinzi akamwambia, "Hapa hapapitwi." Yule mama hakubisha. Aligeuka, akazunguka uwanda wote juani na kuni zake. Mlinzi akamtazama mpaka akapotelea mbali, na moyoni akasikia utamu ambao hakuwahi kuuonja. Tangu siku hiyo watu wakaanza kumwita afande. Mnaujua utamu huo? Msijibu. Kila mtu ajijibu mwenyewe.

Ikafika siku moja, saa za mchana, akaona baiskeli inakuja kwa kusukumwa. Aliyeisukuma ni mke wa rafiki yake. Aliyekuwa juu ya keria, ameegemea mgongo wa mkewe, ni rafiki mwenyewe, yule waliyechimba naye mashimo ya nguzo za uzio huohuo. Alikuwa anapalilia mtama, nyoka akamgonga kifundoni. Mguu ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa.

"Shemeji, tufungulie," mwanamke akasema. "Zahanati ile pale, naliona paa."

Na kweli, paa lilionekana, ng'ambo ya paneli.

Mlinzi akashika kufuli. Mkono ulikuwa tayari juu yake, ndugu zangu. Lakini akaifikiria sare, akamfikiria injinia, akafikiria kurudi kwenye vibarua.

"Shemeji, si mimi," akasema. "Ni amri. Nikifungua, kazi sina."

"Atakayekuona ni nani?"

"Amri ni amri, shemeji."

Mwanamke akapiga magoti kwenye vumbi. Ndipo mgonjwa akafungua macho, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, usimsumbue. Ana watoto na yeye. Tuzunguke."

Wakazunguka. Njia ya kuzunguka inashuka kwenye korongo lenye mchanga mwingi, na baiskeli ikazama mle. Mwanamke akamshusha mumewe, akamburuta kwa mikono yake, akapiga yowe mpaka sauti ikamkauka. Wachunga mbuzi waliposikia na kufika, walimkuta amekaa, kichwa cha mumewe mapajani, anamfukuzia nzi usoni. Mume alikuwa amekwisha kufa.

Baada ya maziko injinia akaja getini. Alikuwa amesikia.

"Kwa nini wasipite hapa?" akauliza.

"Mzee, uliniambia nilichunge."

"Dhidi ya ng'ombe. Nilikuambia ng'ombe na magari yasiingie, yatavunja mitambo." Akalitazama geti, akamtazama yeye. "Tulipopima hapa tuliikuta njia yenu. Hili geti tuliliweka ili watu wapite. Wewe ulidhani ni la nini? Kama hatukutaka mtu apite, si tungevuta waya moja kwa moja?"

Jioni ile mlinzi alivua sare, akaenda kwa mjane, akamkuta anachambua mchele wa wageni wa msiba. Akamweleza yote, hakuficha. Mjane akasimamisha mikono.

"Kwa hiyo lilikuwa letu," akasema.

"Lilikuwa lenu."

Kisha mjane akasema, "Usimwambie mama yake. Amekwisha kuzeeka. Mwache aamini kwamba njia haikuwepo." Akarudia mchele wake.

Wapendwa, huyo mlinzi mnamchukia? Mimi namwogopa, kwa maana namfahamu. Ndiye sisi. Mungu ametukabidhi geti, na sisi tumeshika neno moja tu: lichunge. Anakuja binti mwenye mimba isiyo na mwenyewe, tunamwambia akae nje kwanza, wazee wana kikao. Anakuja mlevi ananuka gongo, tunamwonyesha njia ya kuzunguka. Anageuka bila kubisha, kwa kuwa anaamini aliyetutuma ndiye amekataa. Nasi tunasema, si mimi, ni amri. Amri ya nani? Uliisikia mpaka mwisho, au uliondoka nayo nusu?

Walio wengi hawatatugombeza. Watatuonea huruma, watasema tuzunguke, na watafia korongoni wakiwa wanaliona paa. Na sisi Jumapili inayofuata tutakuwa tumesimama palepale, sare imenyooshwa, tukishangaa mbona viti vya nyuma viko wazi.

Mrudie aliyekupa ufunguo. Muulize geti aliliweka la nini. Muulize leo, kabla hujalazimika kwenda kumwambia mjane.