Ghorofa la Bwana Mahfudhi

Bwana Mahfudhi, tajiri wa mtaa, aliomba kibali cha kujenga ghorofa ambalo lingezibia jua ua wa jirani yake, Bi Mize, aliyeishi kwa kuanika karafuu. Kila Bi Mize alipokwenda kulalamika, mwenyekiti wa halmashauri alimjibu, "Bibi, kujenga ni haki yake."

Asubuhi moja Bi Mize akaingia ofisini kwa mwenyekiti akicheka. "Mwanangu, nimefuta malalamiko. Nitapunga upepo kwenye roshani ya jirani. Kule juu utaonekana mji mzima, hata bafu lako la uani lisilo na paa. Nitakusalimu kila ukioga."

Mwenyekiti alikohoa. Kabla ya adhuhuri, kibali kilikataliwa.

"Kweli ungemwona?" shoga wa Bi Mize alimuuliza njiani.

"Kwa macho haya?" alicheka Bi Mize. "Hata wewe nimekujua kwa sauti."