Shule ya Mwalimu Fisi

Mwaka ule mvua ilisusa, na mwitu mzima ukabaki na kisima kimoja. Simba, mfalme, alisimamisha kibao ukingoni, na karani wake Sungura akaandika: "Nywa kidogo, mwachie na mwenzio." Wanyama hawakujua kusoma. Walikunywa, wakakoga, wakageuza maji tope.

"Kuanzia leo," Simba alinguruma, "asiyesoma kibao hanywi!"

Fisi akanusa ulaji. Siku hiyohiyo akafungua shule. Karo ilikuwa nyama, hata kwa wala majani, ambao ilibidi waitafute wanakojua wenyewe. Naye hakujua herufi hata moja. Maneno ya kibao aliyasikia tu Sungura akiyasoma. Alielekeza fimbo yake kwenye kibao, akapaza sauti: "Semeni!"

"Nywa kidogo, mwachie na mwenzio!" darasa likaitikia kwa pamoja, macho yakitazama mawingu.

Digidigi peke yake aliangalia maandishi. "Ny... nywa... ki..."

"Unatafuna nini?" Fisi alimkemea. "Msomaji hodari hababaiki! Sauti juu!"

Wenzake wakaangua kicheko. Siku ya mtihani darasa liliimba mbele ya Simba, akafurahi sana, wote wakanywa. Digidigi alipoitwa asome peke yake, alikwama kwenye neno la kwanza. Akafukuzwa, na nyumbani mwanawe alikuwa amepasuka midomo kwa kiu.

Sungura alimkuta nyuma ya kichuguu akilia.

"Mama, wewe ndiye pekee uliyekuwa unasoma," alimwambia. "Njoo ukate kiu kwangu kwanza, umpelekee na mtoto. Kisha tusome."

Sungura aliandika mchangani, akamwacha asome mwenyewe. Digidigi alipokwama, hakumcheka wala hakumdakia neno. "Rudi mwanzo wa mstari, ushike mwendo," alimwambia tu. Akishausoma vizuri, Sungura aliufuta na kuandika mwingine. Siku zikapita, na Digidigi akaanza kusoma huku anatabasamu.

Asubuhi moja Sungura aliona ufa ukingoni. Kwa ruhusa ya Simba akafuta kibao na kuandika upya. Wanyama walipokuja, Fisi akajipenyeza mbele, maana kwenye kunywa hakuwahi kuwa wa pili. Akanyoosha fimbo.

"Nywa kidogo, mwachie na mwenzio!" darasa likanguruma.

"Simameni!" Digidigi alipiga kelele. "Sivyo kilivyoandikwa! U... u-ki..." Mmoja akacheka. Akavuta pumzi, akarudi mwanzo: "Ukingo huu umepasuka. Nyweni upande wa pili."

Wanyama wakarudi nyuma.

"Tangu lini mwanafunzi akamsahihisha mwalimu?" Fisi alisema, akakanyaga palepale penye ufa. Ukingo ukamomonyoka, naye huyo hadi kwenye tope, akabaki kichwa tu.

"Mwalimu," Sungura alimwita, "hebu tusomee kibao kutoka hapo ulipo."

"Miwani yangu imezama!" Fisi alilia. Hakuwahi kuwa na miwani.

Simba, aliyekuwa akiusifu wimbo ule kuliko wote, alikohoa na kusema kwamba alimshuku Fisi tangu mwanzo. Hakuna aliyethubutu kumuuliza zaidi. Digidigi akanywa wa kwanza, akajaza kibuyu cha mwanawe. Tangu siku hiyo ndiye anayewafundisha wenzake, mmoja mmoja, na kwake hachekwi anayekwama.

Fisi walimvuta jioni. Bado anaimba somo lake huko vichakani, kwa sauti kubwa kuliko zamani. Debe tupu haliachi kuvuma.