Chungu cha Bi Mwanashehe

Nikiita, itikieni, maana hii siisimulii kwa kucheka.

Palikuwa na zimwi lililokuwa likichoma maghala ya mji. Jumbe Kitwana alishindwa kulikamata, akamkamata Bi Mwanashehe, mfinyanzi, eti analificha, maana mikono yake ina masizi. Mfinyanzi gani asiye na masizi?

Nyumbani kwake walikuta chungu alichoachiwa na bibi yake. Mji mzima ulikijua: kikisikia uongo, hupasuka. Jumbe akakiweka mbele ya Mwanashehe, kisha akaamuru makaa yasogezwe kwenye nyayo zake.

"Zimwi limejificha wapi?"

"Sijui, Jumbe." Chungu kikabaki kizima.

Makaa yakaongezwa. "Liko wapi?"

"Wallahi sijui." Chungu kizima.

Mara ya tatu, ngozi ilipoanza kunuka, Mwanashehe alitafuta jina la mahali popote, ili tu wamwondolee moto. "Liko mlimani."

Chungu kikapasuka vipande vipande. Jumbe akaviruka vile vigae, akaenda mlimani na askari wote. Hawakukuta hata unyayo. Huku nyuma zimwi likaingia mjini, likateketeza maghala pamoja na watoto waliokimbilia humo kwa hofu.

Jumbe alirudi akifoka. "Kwa nini ulinidanganya?"

"Nilikwambia kweli mara mbili, ukanichoma. Ule uongo uliupika mwenyewe kwa makaa yako, na chungu kikakwambia. Sasa kawaambie mama zao."

Jumbe hakwenda. Aliagiza makaa mengine, na chungu kisichopasuka.

Hadithi yangu naiacha hapo, na makaa bado yanawaka.