Lugha ya Bi Mize

Mpo hapo?
— Tupo.
Na masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo.
Basi yafungueni, midomo muifunge.

Aliondokea baharia mmoja, jina lake Vuai. Kazi aliiweza, kamba aliziweza, kukubali kwamba kuna kitu hakijui ndiko kulikomshinda.

Safari moja walikuwa sita, wanavuka bahari kuu kwa matanga, nahodha wao Shali. Dhoruba ikawapiga, ikavunja mapipa yote ya maji. Siku ya kwanza hawakunywa, ya pili hawakunywa, ya tatu hawakunywa. Mwenzao Mkadamu akashikwa na homa, midomo ikampasuka, hata kusema akaacha. Ndipo wakaona kisiwa.

"Nani anakijua?" akauliza Shali.

"Mimi," akasema Vuai. "Na lugha yao naisema."

Jamani, hakuwahi kukiona hata ndotoni.

Wakashuka, wamembeba Mkadamu. Wakakuta kisima kimoja chenye kifuniko cha mbao, na juu ya kifuniko amekaa mama wa makamo, Bi Mize, anasuka ukili wa mkeka. Vuai akatangulia, kifua mbele, huku akiwaambia wenzake kwa sauti: "Niachieni mimi. Lugha yao naijua."

Bi Mize akamtazama. Akasema, "Tipire kimalanga."

"Anasema karibuni," akasema Vuai.

Wakakaribia. Bi Mize hakuinuka. "Tipire kimalanga gubi."

"Anasema tupumzike kivulini."

Wakapumzika, Mkadamu wamemkalisha kati yao, jua likapanda, maji hayakuja.

"Tipire kimalanga gubi ndororo."

"Haya, anasema tuteke." Vuai akanyoosha mkono kwenye kifuniko. Bi Mize akaupiga kofi.

Nyinyi mngekiri hapo? Msinidanganye. Mimi ningetafsiri mara ya nne.

Na Vuai alishafungua mdomo atafsiri. Lakini nyuma yake akasikia kishindo: Mkadamu ameanguka mchangani, macho yamegeuka. Vuai akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Kisiwa sikijui, lugha siijui. Ninachojua ni kwamba mwenzangu anakufa kwa kiu, na mimi namchelewesha."

Bi Mize akaondoka juu ya kifuniko, akakifunua.

"Hata mimi siijui," akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Nimeitunga niliposikia unasema unaijua."

Akachota kata ya kwanza, akamnywesha Mkadamu kidogo kidogo.

"Kisima hiki kinatunywesha kisiwa kizima," akasema. "Waliopita kabla yenu waliniambia wanataka ndoo mbili, wakachota mpaka tope. Tangu siku hiyo mgeni namsikiliza kwanza."

"Na kama nisingekiri?"

"Mgonjwa ningemnywesha. Wewe ningekuacha uendelee kutafsiri."

Wakanywa wote, Vuai wa mwisho. Bado kata iko mdomoni, Mkadamu akafumbua macho, akasema neno lake la kwanza tangu homa imshike: "Vuai, ile ya kivulini ulitafsiri vizuri."

Vuai akacheka mpaka maji yakamtokea puani.

Toka hapo, kila bandari waliyofika, kisa hiki alikisimulia yeye mwenyewe, tena mapema, kabla Mkadamu hajashuka chomboni.

Yangu yameishia hapo, nimeshusha matanga. Mwenye kucheka na acheke, mwenye kiu na anywe.
— Tumekunywa.