Kamba ya Wafalme na Mkasi wa Bibi Palmo

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitika na chakula mdomoni? Meza kwanza, Mwanaidi, ndipo uitike. Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani, zamani ambayo hata babu yangu aliikuta imeshapita, palikuwa na ufalme kwenye milima ya Himalaya. Milima mirefu, theluji juu mwaka mzima, baridi ya kugandisha mate mdomoni. Na ufalme wenyewe mdogo, jamani! Mfalme akipiga chafya ngomeni, watu wa nchi ya pili humwambia "Afya!" Mbuzi akiteleza upande huu, anaangukia ugenini. Lakini wafalme walikuwa nao. Weka watu kumi mahali penye jiwe la kukalia, atatokea mmoja tu alikalie na kuwaambia wenzake wasimame.

Sasa, watu wa kule hawakuandika majina ya wafalme wao. Walikuwa na kamba. Kamba ya manyoya ya mbuzi, nyeusi, nene kama kidole gumba. Kila mfalme na fundo lake. Mfalme akifa, fundo linabaki.

Mtunza kamba alikuwa Bibi Palmo, kikongwe wa kijiji cha bondeni. Mfupi, mkali, shavu moja limetuna. Si jino, hapana. Ni jibini. Kule hukausha jibini mpaka inakuwa kama kokoto, kipande kimoja unakitafuna kutwa. Bibi Palmo akitaka kusema jambo zito, kwanza jibini inahama shavu. Kwa hiyo watu wote walijua: jibini ikihama, nyamaza usikilize.

Na desturi yao ya kumtawaza mfalme ilikuwa hivi. Ngome ilikuwa na ngazi saba za mawe. Juu kabisa, kiti. Bibi Palmo anakaa karibu na kiti, ameshika kichwa cha kamba. Mfalme mpya anasimama chini kabisa, ameshika mkia wa kamba, amefunga fundo lake mwenyewe. Bibi anashika fundo, anasema, "Fundo!" Anataja jina na tendo. Watu wanaitika, "Mfalme!" Bibi anavuta. Fundo, mfalme, vuta! Fundo, mfalme, vuta! Hivyo hivyo, mpaka mtu anafika kitini. Kupanda kwa miguu yake, bila kuvutwa, hairuhusiwi. Asiyevutwa si mfalme, ni mtu tu kasimama kwenye ngazi.

Haya, nanyi niitikieni. Tuwasikie wafalme wenyewe.

Fundo!

Mfalme!

Huyo ni Ranu, wa kwanza. Aliiba mbuzi. Mbuzi, me-e-e, akakimbilia juu ya mwamba. Ranu naye juu. Wenye mbuzi wakabaki chini wakitukana mpaka sauti zikawakauka. Wakasema, "Basi kaa hukohuko!" Akakaa. Mwamba ule ndio ngome, na mwizi yule ndiye baba wa ukoo.

Fundo!

Mfalme!

Bhagtu. Alicheza kete, akauweka ufalme wote, akashindwa. Aliyeshinda akaja kuuona ufalme wake. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akaurudisha.

Fundo!

Mfalme!

Sohnu. Alilala vita vizima. Adui wakaingia, wakamkuta kinywa wazi, wakadhani maiti. Wakavua kofia, wakamlilia kidogo, wakaenda zao. Alipoamka akauliza kama chakula kiko tayari.

Fundo!

Mfalme!

Huyu mshikeni vizuri, ndiye mwenye hadithi. Mohar. Adui waliuzingira mwamba, hakuna pa kutokea. Mjane mmoja wa kijiji cha bondeni akamtia mfalme kwenye kapu, akamfunika samadi ya ng'ombe, samadi mbichi, akambeba mgongoni. Akapita katikati ya mikuki. Askari wakaziba pua, wakampisha. Walipofika salama Mohar akatoka, akapangusa macho, akasema: "Malisho ya juu, majani yote ya kiangazi, ni ya watu wa bondeni, maadamu fundo langu liko kwenye kamba." Tangu siku hiyo bondeni mbuzi walikula. Na mbuzi wa bondeni wakila, watu wa bondeni wanakula.

Watatu wengine nawaruka. Hata mama zao hawakupenda kuwataja. Wa nane, Jaimal, alikabwa na kokwa la tunda katikati ya hotuba kuhusu ulafi. Akafa. Akaacha mtoto wa kiume, Tejbir, kijana mzuri, masharubu yamepakwa siagi mpaka nzi wanateleza.

Huyu Tejbir, kabla hajatawazwa, alikuwa amemchumbia binti wa mfalme wa tambarare, nchi kubwa yenye tembo. Mjomba wa bibi harusi alikuwa njiani na binti mwenyewe. Amshuhudie kijana akitawazwa, kisha amkabidhi mke. Asipotawazwa, hakuna harusi. Na watu wale wa tambarare walisema ukoo wao umetokana na Jua.

Waziri wake, Dhani, mtu wa kunong'ona, akamnong'oneza. "Mkwe wako ametoka kwenye Jua. Wewe umetoka kwenye kapu la samadi. Mjomba atasikia kamba yote ikisomwa, mbele ya watu."

Tejbir akapauka.

"Tena," Dhani akanong'ona, "fundo la Mohar likiondoka, malisho ya juu yanarudi kwako. Tembo atakaokuja nao bibi harusi watakula wapi?"

Siku ileile Tejbir akapeleka watu wenye mikuki kwenye njia ya malisho. Mbuzi wa bondeni wakarudishwa. Siku ya kwanza wakala majani ya makuti ya paa... ah, kule hakuna makuti, nimejisahau. Wakala nyasi za paa. Siku ya tatu wakala kamba za kuanikia nguo. Siku ya tano mbuzi wakaanza kufa, na akina mama wakaanza kupima unga wa shayiri kwa kiganja.

Bibi Palmo akapanda ngomeni na kamba yake begani. Alikuwa na hasira, magoti yanauma, na mbuzi wake mwenyewe wawili walikuwa wamekufa asubuhi hiyo.

"Mwanangu Tejbir," akasema, "waondoe watu wako malishoni."

"Bibi Palmo, kwanza kata fundo la Mohar."

"Kuna watu wanakula kwa fundo hilo."

"Na kuna mke nitamkosa kwa fundo hilo. Kata!"

Bibi akamtazama Tejbir. Akamtazama waziri. Jibini ikahama shavu.

"Sawa, mwanangu. Lakini tukianza kusafisha nyumba, tusiache uchafu pembeni. Huyu Sohnu, aliyelala vita vizima, mjomba akimsikia atasemaje?"

Tejbir akakuna kichwa. "Huyo naye kata."

"Na Bhagtu, wa kete?"

"Kata."

"Na marehemu baba yako? Nampenda, nilimfunga nepi. Lakini lile kokwa..."

"Kata, Bibi. Kata haraka."

Bibi akatoa mkasi wa kunyolea mbuzi. Kach! Fundo likaanguka kwenye jiko la makaa. Kach! Kach! Akataja, akajibiwa, akakata. Mafundo saba yakaungua, chumba kikanuka nywele zilizochomwa. Fundo la Ranu peke yake likabaki, kwa sababu waziri alisema, "Huyu tutamwita Mwana wa Mwezi."

Vile vipande vya kamba Bibi akavitia kwenye mfuko wa nguo yake.

"Na kamba, mwanangu? Imekatika."

"Kamba ni kazi yako," Tejbir akasema, akarudi kwenye kioo.

Siku ya kutawazwa ikafika. Mjomba akafika kwa machela, macho kayafumba njia nzima kwa kuogopa majabali. Akawekwa kwenye zulia. Bibi harusi nyuma yake, ndani ya pazia. Watu wa bondeni wakaja na mbuzi wao waliobaki, mbavu unaweza kuzihesabu. Ngoma, ndu! ndu! Tarumbeta, paaa! Tejbir akasimama chini ya ngazi, kashika kipande cha kamba chenye fundo lake, kainua kidevu, tayari kuvutwa.

Juu, Bibi Palmo akainua kipande chake.

"Fundo! Ranu, Mwana wa Mwezi!"

Watu wakaangaliana. Wakaitika kwa uvivu, "Mfalme..."

Bibi akavuta. Kipande kikaingia chote mapajani mwake. Basi.

Upepo ukapita. Tejbir akasubiri. Masharubu yakasubiri. Mbuzi mmoja akasema me-e-e.

"Vuta!" Dhani akafoka, kwa mara ya kwanza bila kunong'ona.

"Nivute nini?" Bibi akauliza. "Mimi nina mwanzo. Yeye ana mwisho. Katikati mmechoma."

Mjomba akafumbua macho. "Wengine wako wapi? Huyu bwana amezaliwa na mwezi jana?"

"Unga kamba!" Tejbir akapiga kelele.

"Kuunga ni kufunga fundo, mwanangu. Na fundo ni mfalme. Nimtaje nani?"

Dhani akaruka mbele. "Chandrasen Shujaa, aliyeua simba mia!"

Bibi akatoa kipande mfukoni, akakiunga na chake. "Fundo! Chandrasen Shujaa, aliyeua simba mia!"

Hakuna aliyeitika. Walimjua wapi? Hata simba hawakuwa wakimjua. Bibi akalifungua fundo, polepole, mbele ya wote.

Mjomba akainuka kwenye zulia. "Leteni machela. Simwachi mtoto wetu kwa mtu asiye na watu."

Hapo ndipo Tejbir alipoogopa kweli. Akatazama pazia la bibi harusi, likianza kugeuka. Akatazama mbuzi wa bondeni, na mama mmoja aliyembeba mwanambuzi aliyeshindwa kusimama. Masharubu yakashuka. Akasema kitu chini kwa chini.

"Sisikii," Bibi Palmo akasema. "Nina miaka themanini masikioni."

"Mohar," Tejbir akasema.

"Mohar yupi?"

"Mohar! Babu yangu Mohar! Aliyebebwa kwenye kapu la samadi na mjane wa bondeni, akaokoka, na ndiyo maana mimi nipo!"

"MFALME!" watu wakanguruma, mwamba ukajibu.

Bibi akakamata vipande viwili, akavifunga fundo. Akauliza, "Na malisho?"

"Ni yenu. Yalikuwa yenu. Waondoke wenye mikuki, sasa hivi!"

Mbuzi hawakungoja tafsiri. Walishaanza kupanda.

Basi Tejbir akawaita mmoja mmoja. Wa kete. Mfalme! Aliyelala. Mfalme! Wale watatu ambao mimi nimewaruka, yeye hakuwaruka, akawataja huku masikio yamemwiva. Alipofika kwa baba yake na lile kokwa, akacheka, kisha akalia. Na watu wakaitika taratibu, kwa heshima, kwa kuwa mtu akimlilia baba yake hataniwi. Mwizi wa mbuzi naye akarudishiwa wizi wake. Mjomba alikuwa amekaa tena, anajipangusa machozi ya kicheko. "Sisi wa Jua," akasema, "babu yetu alikuwa akifua nguo za wapishi. Mama yangu amekufa akituapisha tusiseme." Pazia likatingishika. Bibi harusi alikuwa hoi kwa kucheka.

Lakini kuna jambo moja lilibaki. Kamba iliyokatwa mara saba na kuungwa mara saba haiwi ndefu kama mwanzo. Bibi alipoinyoosha kutoka kitini, haikumfikia Tejbir. Ilipungua ngazi moja.

"Apande moja tu," Dhani akanong'ona.

"Asiyevutwa hapandi," Bibi akajibu. Akajikongoja, magoti yakalia ka, ka, akashuka ngazi moja. Akakaa kwenye ya sita. Kamba ikafika. Akavuta, fundo kwa fundo, mpaka kijana akafika miguuni pake, ngazi ya sita. Kiti kikabidi kishushwe hapo. Na hapo kikabaki, kwa Tejbir, kwa mwanawe, kwa mjukuu wake, mpaka ufalme wenyewe ukaisha.

Bibi Palmo alifariki miaka mitatu baadaye, jibini ikiwa shavuni. Wakamzika nayo. Nani angeitoa?

Haya, mnaojipamba kwa babu zenu, sikieni. Usimwonee haya aliyekubeba, hata kama alikuwa ananuka. Ukimkata yeye, umejikata mwenyewe, na hata ukiungwa tena utakaa chini kidogo ya pale ulipostahili.

Mwanaidi anauliza, ngazi ya saba alikaa nani? Alilala mbuzi. Jua linafika pale mapema, na hakuna mfalme aliyethubutu kumwamsha.

Hadithi yangu nimeifunga fundo hapo. Atakayeikata, aiunge mwenyewe.