Pimbi, Fisi na Pango la Kulaza Mtoto

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nani?

— Na aliye macho!

Na aliyelala?

— Mwacheni alale!

Haya. Waliolala waacheni, waliobaki sogeeni karibu, maana leo sitapaza sauti. Na wewe unayetafuna, tafuna taratibu, nisije nikasahau nilipofika.

Hapo kale palikuwa na kilima cha mawe, mawe juu ya mawe, na chini ya jiwe kubwa kuliko yote palikuwa na pango. Humo alikaa Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mdogo, mnene, mkia hana, miguu mifupi. Watu wakitaka kumtukana mtu mfupi humwita jina lake, kana kwamba yeye aliwakosea. Mumewe alinyakuliwa na tai akiota jua. Akabaki na mimba yake na mama mkwe wake, kikongwe ambaye macho yalikuwa yamekwisha kumwacha.

Siku za kujifungua zilipokaribia, Pimbi akaandaa mahali pa kumlaza mtoto. Akafagia, fyu, fyu, fyu. Akatoa vijiwe. Akatoa majani makavu, akatoa manyoya, akatoa kila kilicholegea, pakabaki patupu na sawasawa. Akatafuta siafu, hakuna. Akatafuta unyevu, hakuna. Mlangoni akaegemeza tawi lenye majani, mwanga upungue na hewa ipite.

Kisha akafanya desturi ya mapimbi. Akalala yeye kwanza, palepale, shavu chini, kutwa nzima. Mapimbi husema: mahali ambapo shavu la mama halijalala, la mtoto halilali. Kama pana baridi, shavu litajua. Kama pana joto, kama pana kijiwe kilichojificha, shavu litajua. Shavu lake likaridhika, ndipo akajifungua mtoto wa kike, na mtoto alivyokuwa na mashavu teletele wakamwita Mashavu.

Basi Mashavu akawa analala! Akinyonya, analala. Radi ikipiga, analala. Pimbi anakwenda kula majani, anarudi, anamkuta vilevile, chali, mikono juu kama aliyesalimu amri. Majirani wakasifu. Na sifa, wenzangu, zina miguu.

Zikatembea mpaka kwa Fisi.

Fisi naye alikuwa mzazi. Lakini mtoto wake hakuwa akilala. Asubuhi, "Uwiii!" Mchana, "Uwiii!" Jioni, "Uwiii!" Angelalaje? Kalazwa juu ya mifupa, nzi wanamtambaa puani. Fisi hakufagia. Fisi hajafagia tangu dunia iumbwe. Akakaa akawaza, akasema, "Kumbe usingizi wote uko pangoni kwa Pimbi. Mimi ni mkubwa, yeye mdogo. Usingizi mwingi ni wangu."

Akaja, chopi, chopi, chopi. Hodi hakupiga.

"We Pimbi, toka."

"Bi Mkubwa, nina mtoto mchanga."

"Mimi sina? Na wangu ni mkubwa kuliko wako. Toka."

"Tutakwenda wapi, Bi Mkubwa? Masika yameingia."

"Kilima chote hiki! Juu ya jiwe hapakutoshi?"

Fisi akafungua kinywa, Pimbi akayaona meno yote hadi ya mwisho. Akambeba mtoto, akamshika mkwewe mkono, wakatoka.

Mvua ikaja, chwaaa! Mapango mengine yalikuwa na wenyewe, na yasiyo na wenyewe yalikuwa na maji. Bondeni pimbi hashuki, huliwa kabla hajafika. Wakajibanza juu, chini ya ubao wa jiwe uliovuja, Pimbi akamfunika mtoto kwa tumbo lake. Upepo ukapita chini ya tumbo. Kulipokucha, Mashavu akakohoa. Kho! Kidogo tu. Kisha kho, kho.

Mama mkwe akatega sikio. "Mwanangu, kifua hicho kinataka mahali pakavu."

"Najua, mama."

"Na meno ya kumtoa Fisi huna."

"Sina, mama. Nina mdomo."

Akashuka hadi pangoni. "Hodi, Bi Mkubwa! Hodi hapa kwako!" Hapa kwako, akasema, na pango ni lake mwenyewe. Fisi akamkaribisha huku anapiga miayo ya shibe. Mtoto wa Fisi alikuwa amelala fofofo mahali pale patupu, hata nzi hakuna.

Pimbi akacheka. Kicheko hakikutoka moyoni, kilitoka kooni.

"Unacheka nini, we kifupi?"

"Hee, Bi Mkubwa, nisamehe. Mtoto wa mkubwa kulala chini patupu kama mtoto wa pimbi! Tandiko lake liko wapi? Waimbaji wake wako wapi? Huko nje watu wanasema Fisi kafilisika."

Sumu inayomwua Fisi tangu zamani ni kuambiwa hana. Akatoka mlangoni akapiga yowe, kila mnyama alete kitu. Kanga akaleta manyoya. Fisi akasema, "Ongeza!" Kima akaleta sufi. Fisi akasema, "Ongeza!" Ndege mnana wakaleta viota vyao vizima vizima, masikini. Fisi akasema, "Ongeza!" Vyura wakaletwa wamwimbie mtoto, wamelowa, kroo, kroo, kroo. Pango likajaa mpaka dari.

Pimbi alikuwa ameshageuka aondoke. Akatazama nyuma mara moja, akaona kipua cha mtoto wa Fisi kinazama kwenye sufi. Akarudi mlangoni. Ugomvi wake ulikuwa na mama, na mtoto hakuwa na ugomvi.

"Bi Mkubwa! Mtoto wa mkubwa halazwi kifudifudi. Analazwa chali, uso juu, na manyoya yasimpite kifuani."

"Kwa nini?"

"Ndivyo wanavyolala watoto wa wafalme."

Fisi akamgeuza mtoto upesi, akamfagilia sufi puani kwa ulimi. Pimbi akaondoka.

Basi mtoto wa Fisi usingizi ukamruka. Manyoya yakimtekenya, anapiga chafya, pchaa! Joto likimzidi, "Uwiii!" Vyura wakianza, "Uwiii!" Pimbi alidhani kufika jioni Fisi atachoka, atauliza, ataambiwa aondoke. Hila ilikuwa nzuri. Kosa lake ilikuwa ndefu. Alisahau kwamba mlafi akiumwa na kitu, dawa yake ni kukiongeza. Mtoto akilia, Fisi anasema, "Sufi haijatosha, ongeza!" Mtoto akizidi kulia, "Vyura hawatoshi, ongeza!" Siku ikapita, na nyingine, na nyingine tena. Kule juu mvua chwaaa, na mtoto kho, kho, kho. Pimbi kila saa anashuka kutazama, kila saa anapanda kunyonyesha. Mashavu akawa ananyonya kidogo, anaachia.

Mwishowe Fisi mwenyewe akamwita. Macho mekundu, masikio yamelala.

"Pimbi, sema kweli. Nilipoingia humu usingizi ulikuwa tele. Umeuficha wapi?"

"Sijauficha, Bi Mkubwa. Usingizi ni mgeni. Akiona nyumba imejaa, hana pa kukaa, hugeuka. Nimemwona akishuka bondeni."

"Kaingia wapi?"

"Kwenye shimo la Mhanga. Mhanga mwenyewe amehama. Ni pakavu, pana giza, hapana joto wala baridi. Lakini ukienda na manyoya haya atakimbia tena. Nenda na mtoto peke yake."

"Usingizi wote huo, wangu mimi?"

"Wote, Bi Mkubwa. Lakini lala wewe kwanza, shavu chini, upajaribu." Maneno hayo yalimtoka kwa mazoea tu.

Fisi akamng'ata mtoto ukosini, akashuka, chopi, chopi, chopi, mbiombio asije akatanguliwa.

Pimbi akakwea mawe, anateleza, anaanguka, anainuka. "Mama! Mama, tumemshinda! Nipe mtoto!"

Mama mkwe alikuwa amekaa palepale, amempakata Mashavu. Akaweka kidole mdomoni. "Pole pole, mwanangu, usimwamshe. Kikohozi kimemwacha sasa hivi. Leo amelala vizuri."

Pimbi akainama. Akaweka shavu lake kwenye shavu la mtoto, shavu lililokuwa limekwisha nyama, akakaa hivyo. Shavu likajua.

Hakupiga ukelele. Alimtazama mkwewe asiyeona, akamwonea huruma, akamwambia, "Ndiyo, mama. Amelala." Lakini mama mkwe alikuwa amezika watu wengi, na sauti ile aliijua. Akaanza kulia, akijipiga magoti, akisema ni macho yake, ni macho yake haya.

Wakashuka. Pimbi akatoa manyoya, akatoa sufi, akatoa vyura. Akafagia, fyu, fyu, fyu. Akatafuta siafu. Akatafuta unyevu. Kisha akalala chini, shavu chini.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "unapima nini tena? Yule hasikii baridi."

"Nasikia mimi, mama."

Akalala pale mpaka aliporidhika. Ndipo akamlaza mtoto, chali, mikono juu. Mlangoni safari hii hakuegemeza tawi. Alisukuma jiwe, yeye na mkwewe, mpaka likaziba. Wakaondoka kilimani, na mapimbi wa ukoo ule wanakaa kilima kingine mpaka leo.

Subirini, sijamaliza. Huko bondeni mtoto wa Fisi alilala. Alilala, alikua, alinenepa. Fisi akafurahi mno, akamtuma Kunguru: "Mpelekee shoga yangu Pimbi zawadi, mwambie ushauri wake ni mzuri, na mwanangu hajambo." Kunguru akaruka kilima hadi kilima, akamkuta Pimbi amekaa na mkwewe, akamwekea miguuni paja zima la nyama. Na Pimbi, kama mnavyojua, anakula majani.

Akalitazama lile paja. Akamwambia Kunguru, "Mwambie ahsante. Mwambie amlaze chali."

Ngano yangu imekatikia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe nimeze.

Eti nini? Fundisho? Kweli, ngano bila fundisho watu hudhani umewapotezea wakati. Fundisho ni hili: kawia ufike. Pimbi hakugombana, hakufanya haraka, alitumia akili pole pole, na pango lake akalipata. Mkiulizwa, jibuni hivyo: kawia ufike.

Na wewe unayelia hapo nyuma, nyamaza. Alikuwa pimbi tu. Njoo, njoo hapa, ukae na mimi.