Mkwe Aliyeidunga Nyama kwa Mashavu

Sogeeni, sogeeni, lakini msiguse kitu. Wewe Sagenda, kaa upande ule ambako mkono wako haufiki kwenye karai la nyama. Kuni bado zinatoa moshi mweusi. Zikitulia tutaipandisha uchagani, na kabla hazijatulia nina kisa.

Hapo kale, nasema kale ile ambayo hata bibi yangu aliikuta imeshazeeka, fisi alipokuwa bado na aibu na jua likipiga hodi kabla ya kuchomoza, palikuwa na kijiji katika pori la miyombo, kikiitwa Ikonongwa. Watu wake walikuwa wawindaji. Nyama nyembamba waliikausha kwa moshi kama sisi, ikakaa miezi. Lililowatesa ni paja la nyati. Nje linakauka, linang'aa, linanukia. Ndani, kwenye mfupa, linaoza kimyakimya. Wakilila, kijiji kizima kinahamia vichakani. Mnacheka, eti? Hamjawahi kuona mtemi na mtumishi wake wakigombea kichaka kimoja.

Aliyewaokoa ni mama mmoja, Mwashi, mwembamba, mkali, mkali hasa. Aliona kwamba chumvi ya juu haifiki mfupani, basi akaamua kuipeleka mwenyewe. Akachukua unyoya mnene wa korongo, ule ambao bomba lake ni tupu ndani, akauchonga ncha, akaufunga kwenye mdomo wa kibofu cha mbuzi kilichooshwa kikaoshwa tena. Kibofu kinajazwa maji ya chumvi. Unazamisha ncha mpaka mfupani, unaminya, unatoa, unasogea upana wa kidole gumba. Unazamisha, unaminya, unatoa, unasogea. Unazamisha, unaminya, unatoa, unasogea. Wande, usisinzie, bado hatujafika penyewe.

Mwiko wa kazi ile ulikuwa mmoja: anayedunga nyama hasemi. Ili asijisahau, Mwashi alijaza maji mdomoni, mashavu yakavimba, na hakuyatema mpaka amalize na kutoka nje ya ua. Ukisema, mate yanaruka, na mate yakisukumwa ndani ya nyama mbichi yanaiozesha. Hilo alilijua yeye peke yake. Hakumwambia mtu, maana alipokuwa kazini mdomo umejaa, na alipokuwa hana kazi amenuna.

Sasa, Mwashi alikuwa na binti, Kalunde, na Kalunde alimpenda kijana mmoja, Mlekwa. Kijana mwema, ana nguvu, ana heshima. Lakini msemaji, jamani. Alisema akila, alisema akioga, alisema peke yake njiani, na ugoro haukumtoka chini ya mdomo hata siku moja. Alipoleta posa, Mwashi akatuma mjumbe: mkwe akaushe paja la nyati kwa mkono wake, liliwe harusini, na wageni wote warudi kwao wakitembea, si wakikimbia. Akishindwa, Kalunde atabaki kwa mama yake, na habari ya ndoa imekwisha.

Mlekwa angejifunza kwa nani? Huko, mkwe na mama mkwe hawakuonana uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anajitosa porini. Basi akaenda kuchungulia kwenye ua wa matete wa mama mkwe. Palikuwa na tundu moja tu, juu kabisa, na kupitia tundu lile alimwona Mwashi kuanzia mabegani kwenda juu. Aliona nini? Aliona mashavu. Mashavu yamevimba, kichwa kinainama, kinainuka, kinainama. Mikono hakuiona, wala kibofu hakukiona; habari ya unyoya na maji ya chumvi alikuwa ameisikia tu, kama kijiji kizima. Akajipigapiga kifua, akaenda zake akisema moyoni, kumbe anapuliza.

Ndiyo, wajukuu zangu. Alijaza maji ya chumvi mdomoni, tena maji ya dimbwi, hayajachemshwa, na ugoro uko palepale chini ya mdomo. Akachomeka unyoya, akapuliza. Akasogea, akapuliza. Alipomaliza akaliacha paja juani nusu siku, akazunguka kijiji kizima kueleza jinsi alivyolidunga. Ndipo akakumbuka kulipandisha uchagani.

Siku ya harusi paja likaletwa. Linang'aa hilo, linanukia moshi, wageni wanameza mate. Lakini Mwashi ndiye aliyekata kwanza, maana hapakuwa na mgeni aliyeruhusiwa kulamba hata kidole kabla yake. Akakaa amempa mkwe mgongo, akakata mpaka mfupani. Harufu iliyotoka pale, sitawaelezeni, mtakosa hamu ya chakula. Mbwa wa mtemi alinusa mara moja akaondoka. Na katika kila tundu palikuwa na mstari wa rangi ya kahawia, umenyooka mpaka ndani.

Mwashi akachokonoa kwa ncha ya kisu, akanusa. "Ugoro umefikaje mfupani?"

Mlekwa akauambia ule mgongo, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo: "Mama, nilipuliza kama ulivyokuwa ukipuliza."

Wageni walicheka mpaka wakashikana. Kalunde hakucheka. Alilia, na huku akilia akamwambia mama yake, "Umemfundisha mashavu tu, Mama. Ungetaka aweze, ungemwonyesha mikono."

Uso ukamshuka Mwashi, maana neno lilimwingia. Akainuka, akaenda kwenye ule ua, akang'oa tete moja, akang'oa la pili, akang'oa mpaka pakawa wazi. Kisha akageuka akamtazama mkwe wake usoni. Wazee wakafunika macho.

"Njoo uone mikono," akasema.

Akamfundisha yote. Nawa kwa majivu mpaka viwiko. Chemsha maji ya chumvi, chemsha na unyoya, halafu subiri yapoe kabisa, maana maji ya vuguvugu yanauamsha uozo. Mimina ya kutumia kwenye bakuli dogo, na yatakayobaki humo ukimaliza yamwage, usiyarudishe chunguni wala usiyaweke ya kesho. Ukishadunga, tia paja kwenye chungu chenye mfuniko, kizamishe mtoni kwenye maji baridi mpaka asubuhi, lifute likauke, kisha moja kwa moja uchagani, kwa moto mdogo usiozimika, mpaka nyama ya mfupani iive. Wawindaji wakaleta nyati mwingine. Wageni walisubiri siku zote hizo wakila mlenda, na hakuna aliyerudi kwao.

Mlekwa akajaza maji mdomoni, akaanza. Akazamisha, akaminya, akatoa, akasogea. Alipofika katikati ya paja, Kalunde, aliyekuwa bado na kinyongo kidogo, akamkaribia mbele ya watu wote.

"Mlekwa, unanipenda kweli?"

Macho yakamtoka. Mashavu yakatetemeka. Mwashi anamtazama yeye, Kalunde anamtazama yeye, kijiji kizima kinamtazama yeye. Akazamisha, akaminya, akatoa, akasogea. Kalunde akasema basi, nimeelewa, akageuka kama anayeondoka. Machozi yakamlenga Mlekwa, akageuza uso pembeni yasidondokee nyama, na mkono wake ukaendelea na kazi. Alipomaliza tundu la mwisho, akaweka kibofu chini, akatembea, hakukimbia, mpaka nje ya ua. Akatema.

"Nampenda," akasema. Akasema tena, na tena, akaendelea kusema mpaka Mwashi mwenyewe akamletea maji mengine ajaze mdomo.

Lile paja lililiwa mpaka mfupa ukabaki mweupe, na wageni wote walirudi kwao wakitembea. Mmoja alianguka njiani, lakini hiyo ilikuwa pombe, msiisingizie nyama.

Basi shikeni hili: chakula cha watu kiandae kama unavyoandaa cha mwanao, na ukimfundisha mtu, mwonyeshe mikono na umwambie sababu. Ndiyo maana leo nimesema sana.

Kisa nimekishusha uchagani, kimeiva. Mwenye mikono safi akate, mwenye mikono michafu anuse tu. Moshi umekuwa mweupe. Nendeni mkanawe, mpaka viwiko. Na wewe Sagenda, tema hizo karanga, kisha ulete maji, tujaze midomo.